Sufi, usumba na risasi ya marisau: jibu kwa mkulima wa Muheza

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo fundi. Mimi ni mkulima wa Muheza, upande wa kupandia Amani. Nina bunduki ya marisau (zile punje ndogo za risasi) kaliba 12, mitutu miwili, ya marehemu babu tangu alipokuwa msimamizi kwenye mashamba ya mkonge. Leseni sasa iko kwa jina langu. Mwaka juzi nilianguka na bodaboda nikavunjika mtulinga wa kulia, na tangu hapo nikipiga risasi moja bega linauma siku mbili. Risasi ninazopata ni za gramu 36, ganda la milimita 70. Nimefikiria kuzifungua, nitoe theluthi ya marisau, ile nafasi nijaze sufi au usumba, halafu nikunje mdomo upya. Babu alikuwa akishindilia gobore kwa usumba na hakudhurika. Jirani yangu anasema bora nichukue risasi za kaliba 20, ni nyepesi, nizizungushie karatasi. Kwenye chuma cha mitutu pameandikwa 12 na 2½. Ipi salama: sufi, usumba, pumba au vumbi la mbao? Mimi natishia tumbili na nguruwe tu, mihogo yangu imekwisha."

Marahaba mwanangu, na pole ya bega. Mtulinga ukiunga vibaya haukusahau kila ukibeba ndoo, sembuse bunduki.

Nimelisoma swali lako mara tatu. Unauliza juu ya kujaza nafasi ndani ya ganda, na nitakujibu. Lakini kilichonifanya niandike jibu refu ni ule mstari wa karibu na mwisho, ulioutaja kama kitu cha kupita: 12 na 2½. Mwanangu, kuanzia leo usiipige tena bunduki hiyo na risasi ulizonazo, hata moja, kabla hujamaliza kusoma hapa.

Hiyo 2½ ni inchi. Ni urefu wa chemba, yaani pale nyuma ya mtutu unapoiweka risasi. Bunduki nyingi za Uingereza zilizoingia kwenye mashamba ya huku zilikuwa na chemba ya inchi mbili na nusu, na risasi yake siku hizi ni ile ya ganda la milimita 65. Wewe unatia ya 70.

Utaniuliza, mbona inaingia na bunduki inafunga vizuri? Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Chukua risasi moja mpya, ilaze juu ya rula. Utakuta haina milimita 70, ina kama 58 au 60, kwa kuwa mdomo wake umekunjwa. Urefu ulioandikwa kwenye boksi ni wa ganda lililokwisha kupigwa, mdomo ukiwa wazi. Kwa hiyo risasi ndefu inaingia kwenye chemba fupi bila kugoma. Tatizo linakuja inapolipuka: makunjo yanafunguka kwenda mbele na kukuta nafasi imekwisha. Mbele ya chemba kuna shingo, chuma kinabana kidogo kidogo mfano wa faneli, kutoka upana wa ganda hadi upana wa mtutu, ambao kwa kaliba 12 ni kama milimita 18.5. Mdomo wa ganda unafungukia ndani ya hiyo faneli na kuifanya nyembamba zaidi, na marisau yote, pamoja na kizibo kinachoyatenga na baruti, yanalazimika kupenya hapo. Mgandamizo unapanda, na bunduki inagonga zaidi ya inavyostahili. Sishangai bega lako linalia.

Kuna namna ya kulihakikisha hili nyumbani. Okota maganda matano uliyopiga karibuni, yatazame midomoni. Ganda lililofunguka kwenye chemba ya kulitosha lina mdomo ulionyooka, mistari ya makunjo inaonekana vizuri. Lililobanwa, ncha zake zimekonda, zimechanikachanika, pengine zimeng'aa kwa kusuguliwa. Ukiona hivyo, chemba imekwambia yenyewe.

Sasa tuingie kwenye kujaza.

Babu yako alishindilia gobore kwa usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi, na alikuwa sahihi. Kwa gobore. Ile baruti nyeusi, ya moshi mwingi na harufu ya kiberiti, inawaka upesi karibu namna moja, ikibanwa sana au kidogo. Inachotaka ni kukaa imeshikamana, pasiwe na upenyo kati yake na kile kilicho juu. Ndiyo maana wazee walitia baruti, wakatia usumba, wakashindilia mpaka ufito uruke, wakatia marisau au vipande vya chuma, na usumba tena juu yasimwagike. Usumba ule ulikuwa kizibo na mlinzi wa nafasi kwa pamoja, na gobore liliusamehe.

Risasi yako ya dukani ina baruti nyingine kabisa, ile isiyo na moshi. Hii ukiimwaga chini kidogo tu ukaiwasha, inaungua polepole kama mshumaa wa karatasi. Ukiifungia, moto wake unaongezeka kasi kadiri mgandamizo unavyoongezeka, na mgandamizo unaongezeka kadiri moto unavyokwenda kasi. Vinapandishana. Kinachouongoza mwendo huo ni vile vilivyo mbele ya baruti: uzito wa marisau, ugumu wa kizibo, ukubwa wa nafasi, nguvu ya makunjo ya mdomo. Ukigusa kimoja umegusa vyote. Kiwandani hupima mgandamizo huu kwa mtutu maalumu wa majaribio, na viwango vya Ulaya vinaweka kikomo cha wastani cha bar 740 kwa risasi ya kawaida ya kaliba 12. Tairi la gari dogo lina kama bar 2. Hizo 740 zinakaa sentimita chache kutoka kwenye vidole vyako vya mkono wa mbele, na uso wako umelala juu ya kitako.

Hili ndilo nataka ulielewe kuliko yote: ndani ya ganda hakuna kitu kinachoitwa cha kujazia tu. Kila kilicho mbele ya baruti ni mzigo wa baruti.

Tuuchukue mpango wako kama ulivyo. Risasi ya gramu 36, utoe 12, zibaki 24. Gramu 12 za marisau zinaacha pengo la kama milimita 6 au 7 ndani ya ganda la kaliba 12. Ni pengo dogo kwa macho, nusu ya upana wa kidole. Lakini ukiliacha tupu, mdomo ukiukunja unadidimia ndani, marisau yanacheza kama njuga, na kizibo hakiikandamizi baruti inavyotakiwa. Kwa hiyo ni kweli kabisa kwamba nafasi hiyo inahitaji kitu, hukukosea kuliona hilo. Ulipokosea ni kudhani kwamba ukilijaza pengo umemaliza kazi.

Baruti ya risasi nzito huchaguliwa iwe ya moto wa taratibu, ili isukume gramu 36 bila kupandisha mgandamizo kupita kiasi. Risasi nyepesi ya kiwandani haitengenezwi kwa kupunguza marisau ya risasi nzito. Hutiwa baruti nyingine, ya moto wa haraka. Wewe ukichukua baruti ya taratibu na kuipa mzigo mwepesi, haipati mzigo wa kutosha wa kusukumana nao. Inaungua nusunusu. Ukiitazama mitutu baada ya hapo utaona chembe za njano na za kijani ambazo hazikuungua. Marisau yanatoka, mara yana nguvu, mara hayana, risasi kwa risasi. Na siku moja, hasa asubuhi ya baridi au kwa ganda lililopata unyevu, kizibo hakitoki. Kinabaki katikati ya mtutu.

Nikusimulie nilichokishika kwa mkono wangu. Miaka kadhaa nyuma mkulima mmoja wa upande wa Pangani alinijia hapa Ngamiani, Tanga, na bunduki imefungwa kwenye khanga. Alikuwa amefungua risasi, akapunguza marisau na kujaza vipande vya sponji la godoro. Risasi ya kwanza, akasema, ililia "pwaa", kama mtu aliyekohoa ndani ya pipa. Nguruwe hakustuka. Yeye akafyatua mtutu huohuo kwa risasi ya pili, nzima, ya dukani. Niliilaza bunduki kwenye benchi, nikapitisha kidole cha shahada juu ya mtutu kutoka nyuma kwenda mbele. Chuma laini, laini, halafu kama shubiri mbili kutoka kwenye chemba kidole kikapanda. Ilikuwa pete. Chuma kimevimba kuuzunguka mtutu wote, kama mtu amevaa pete chini ya ngozi. Nilipochungulia ndani dhidi ya dirisha nikaona kivuli cha duara, na pembeni yake sponji limeyeyuka na kugandia chumani, jeusi kama lami. Yeye alipona kwa sababu chuma kilikuwa kizuri na kilivimba badala ya kupasuka. Mtutu ule haukutengenezeka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa sentimita kumi nyuma ya pale.

Kwa hiyo ukisikia siku yoyote, kwa risasi yoyote, mlio hafifu usio wa kawaida, simama. Usitie nyingine. Elekeza mdomo wa mtutu chini mahali salama, subiri kama nusu dakika kwa kuwa risasi huweza kuchelewa kuwaka, fungua, toa maganda yote mawili, kisha tazama ndani ya mtutu kutoka nyuma ukielekea kwenye mwanga. Ukiona giza au nusu ya mwanga, kuna kitu. Hutolewa kwa ufito wa mbao au wa shaba, kwa kusukuma. Kupiga risasi nyingine "ili ikitoe" ndiko kulikotengeneza pete ile.

Uliuliza kila kitu kwa jina lake, basi nikupe ninavyovijua.

Sufi ni nzuri kwa mto wa kulalia. Nyuzi zake ni mirija mitupu yenye nta kwa nje, ndiyo maana hazinywi maji na zamani zilijazwa kwenye makoti ya kujiokolea ya mabaharia. Uzuri huo ndio ubaya wake kwenye risasi. Zinabonyea mpaka hazibaki kitu, kwa hiyo pengo ulilolijaza linarudi pale baruti inapoanza kusukuma, na zinashika moto upesi kama petroli. Zikitoka mdomoni mwa mtutu zinatoka zikiwa na kaa. Wewe shamba lako liko chini ya msitu, na kiangazi nyasi zimekauka. Nadhani unaona inapoelekea.

Usumba una jambo ambalo watu wa pwani tu ndio watakaolielewa haraka. Makumbi yanafukiwa kwenye tope la bahari miezi mingi mpaka yaoze, ndipo yanapigwa na kutolewa nyuzi. Hata ukiziosha, chumvi inabaki. Chumvi hiyo inavuta unyevu ndani ya ganda, na ikishapita kwenye mtutu inaacha kutu ambayo utaiona baada ya wiki. Gobore la babu lilisuguliwa kwa maji ya moto kila jioni, si ajabu lilidumu. Tena nyuzi za usumba ni ndefu na zinashikana. Badala ya kutawanyika zinatoka kama mpira mmoja na kuyavuruga marisau. Singa za mkonge ni hivyo hivyo, na nazitaja kwa sababu najua kwenu zimejaa. Ni nyuzi ngumu, na kila fundo lake ni tofauti na jingine, hutapata mawili ya uzito mmoja.

Pumba za mahindi au za mpunga, unga, semolina: vitu vya chembe ndogo vinapenya. Unavitia juu ya kizibo, risasi inatikiswa kwenye bodaboda kutoka mjini, na usipokuwa na kizibo kinachobana sawasawa unakuta chembe zimeteremka kwenye baruti na baruti imepanda kwenye chembe. Hujui tena una nini ndani. Na hata zikikaa mahali pake, huku kwetu unyevu ni wa mwaka mzima. Miezi mitatu ya masika na pumba imekuwa donge lenye ukungu, au fukusi wamekwisha kuila na kuacha pengo lilelile. Vumbi la mbao linakunywa maji vilevile, linashikana na kuwa kigingi kimoja kigumu, zito kuliko siku ulipolitia. Karatasi za gazeti na za chooni zinatoka zikiwaka. Sponji nimekwisha kulisema. Mchanga sitaki hata kuufikiria ndani ya mtutu wa mtu.

Ni kweli kwamba Marekani na Ulaya wako wapiga shabaha wanaojitengenezea risasi nyumbani, na hujazia. Hutumia visahani vya kadibodi, sufu iliyogandamizwa, gome la koki, hata nafaka zilizoumuliwa za kifungua kinywa, wakavitia chini ya marisau ndani ya kikombe cha plastiki, kamwe si kwenye baruti. Lakini tazama wanavyoanza. Wanaanza na fomula iliyokwisha kupimwa maabara: baruti ya jina fulani, fataki (kile kidude cha kuwashia baruti kitakoni mwa ganda) ya jina fulani, kizibo fulani, ganda fulani, kwa uzito wa sehemu ndogo za gramu. Kijazio kinakuja mwishoni kurekebisha urefu ili mdomo ukunjike, na uzito wake unahesabiwa kama sehemu ya marisau. Kubadili fataki peke yake, kila kingine kikibaki vilevile, kunaweza kupandisha mgandamizo vibaya. Wewe hujui baruti iliyo ndani ya risasi yako ni ipi, na aliyeitengeneza hakukusudia uijue. Hata mimi, na mizani niliyo nayo, sizifungui risasi za mtu na kuzibadilisha.

Halafu kuna sheria, na hapa sitazunguka. Leseni yako, kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, ni ya kumiliki silaha ile na kununua risasi zake. Kutengeneza risasi ni kibali kingine, na mkulima hana. Ukikutwa na maganda yaliyofunguliwa, baruti kwenye kopo na fataki mezani, maelezo ya mtulinga hayatakuokoa, na bunduki ya babu itakwenda pamoja na leseni.

Kuhusu jirani yako na kaliba 20, mwambie kwa heshima zote kwamba ushauri huo unaua. Hizi namba zinatokana na ratli moja ya risasi, yale madini: ukiigawa vipande 12 sawa vya mviringo, kimoja kina upana wa mtutu wa kaliba 12, ukiigawa 20, vipande ni vidogo zaidi, na mtutu ni mwembamba zaidi. Risasi ya 20 ukiitia kwenye bunduki ya 12 inateleza, inapita chemba, na kitako chake kinakwama pale kwenye shingo. Unatazama nyuma, unaona chemba tupu, unadhani umesahau kutia. Unatia ya 12. Sasa una risasi mbili zimefuatana, na ya nyuma inapolipuka mtutu unapasuka mbele ya uso wako. Ndiyo maana viwanda hutengeneza ganda la 20 kwa rangi ya njano, lisichanganyike mfukoni na jingine. Karatasi ya kuzungushia haibadilishi kitu. Usiwe na ganda la njano nyumbani kwako kabisa.

Sasa bega. Maana bega ndilo lililokuleta, na lina dawa.

Bunduki inakugonga kwa sababu kile kinachotoka mbele lazima kilipwe nyuma. Tuseme bunduki yako ina kilo 3, na marisau yanatoka kwa mwendo wa mita 400 kwa sekunde. Kwa gramu 36, ukiacha baruti na kizibo, nguvu inayofika begani ni kama jouli 35. Kwa gramu 28 ni kama 21. Kwa gramu 24 ni kama 15. Tazama hesabu hiyo vizuri: umepunguza marisau kwa theluthi moja, lakini kipigo kimepungua kwa zaidi ya nusu, kwa kuwa kipigo kinafuata mraba wa uzito. Wazo lako la kwenda gramu 24 lilikuwa sahihi tangu mwanzo. Kinachotakiwa ni kuipata iliyotengenezwa hivyo.

Na ipo. Gramu 24 ndiyo risasi ya mashindano ya Olimpiki ya kulenga visahani, kwa hiyo viwanda vingi duniani huitengeneza, na wapiga shabaha hupiga mamia kwa siku bila kuumia. Ya gramu 28 ni ya kawaida zaidi. Nenda kwa muuzaji mwenye kibali na kitabu chako cha leseni, umwombe kwa maneno haya: kaliba 12, ganda la milimita 65, gramu 24 au 28. Asipokuwa nayo, mwombe akuagizie. Wenye bunduki za zamani ni wengi katika mkoa huu kuliko anavyodhani. Viko viwanda vinavyotumia ganda la 67 huku mgandamizo wake ukiwa wa bunduki za chemba ya 65, lakini hilo lazima liwe limechapwa kwenye boksi. Kama halikuandikwa, usikubali neno la mdomo, hata la kwangu.

Kuna na mengine madogo yanayosaidia sana. Kitako cha mbao kikikaa moja kwa moja kwenye mfupa wa mtulinga, hata gramu 24 itauma. Kishushe kwenye nyama, kati ya bega na kifua, uvute bunduki ikukumbatie kabla ya kufyatua. Bunduki iliyoachwa na nafasi ya kidole kati yake na bega inakuja kama nyundo. Shavu lilale juu ya mbao. Mguu wa kushoto mbele, uzito juu yake. Kisha tia kilinda bega nyuma ya kitako. Kama hupati cha dukani, mshona viatu yeyote anaweza kukushonea mfuko wa ngozi wa kuvalisha kitako, ndani yake akatia tabaka mbili za mpira wa ndara. Nimewafanyia hivyo wazee watatu hapa mjini. Usizidishe unene, maana kitako kikiwa kirefu kupita kiasi utashindwa kukipandisha begani na utakuwa unapigia kwenye mkono. Na kama daktari aliyekutazama mtulinga hakukuruhusu kupiga bunduki, hilo ni la kumuuliza yeye kwanza, au uhamie bega la kushoto ujifunze upya. Inachukua muda lakini inawezekana.

Neno moja juu ya nguruwe. Gramu 24 za marisau madogo ni mlio, kwa tumbili mlio unatosha, na wao wana akili, baada ya siku chache wanajua. Nguruwe pori usimpige nazo. Hazimwangushi, zinamjeruhi, anakwenda kuoza porini siku nne au anakugeukia. Na usiue mnyamapori bila idhini, hata akiwa ndani ya mihogo yako. Nenda kwa Bwana Nyama, yaani afisa wanyamapori, wa wilaya, mpelekee taarifa ya uharibifu kwa maandishi kupitia ofisi ya kijiji, ndiye mwenye mamlaka ya kupanga msako. Wakati huo rudisheni dungu, kile kichanja cha kulindia shamba. Najua ni kazi ya usiku na vijana hawaitaki siku hizi, lakini watu wawili dunguni, moto upande wa msitu na debe la kupigwa, wamelinda mihogo ya Muheza kabla ya kaliba 12 kufika huku.

Marisau uliyokwisha kuyatoa, kama umeshaanza kufungua hizo risasi, usiwaachie watoto wakachezea. Ni madini ya risasi, yana sumu, osha mikono kwa sabuni kabla ya kula. Risasi zilizofunguliwa, pamoja na nzima za 70 zilizobaki, zifungie mbali na moto na jua, nenda kituo cha polisi kilichokupa leseni uwaeleze, wakwambie wazipokee vipi. Usizitupe jalalani wala chooni, na usizichome.

Kisha siku utakayokuja Tanga, ukiwa na barua ya ruhusa ya kuisafirisha kutoka kituoni kwako, niletee bunduki. Ije tupu, imefunguliwa, mitutu na kitako mbalimbali ndani ya kitambaa, na leseni yako mfukoni. Nina kipimo cha shaba cha kaliba 12 chenye alama ya inchi mbili na nusu na ya mbili na robo tatu. Kinaingia chembani na kusimama pale shingo inapoanza, na wewe mwenyewe utasoma alama. Wako mafundi waliochimba chemba za zamani kuzirefusha bila kubadili maandishi, kwa hiyo maandishi peke yake hayanitoshi. Nitapitisha kidole kwenye mitutu yote miwili, nitapima unene wa chuma, nitatazama kama bawaba imelegea. Na yale maganda matano usiyafute, yalete kama yalivyo.